Mama Kompyuta na Mashine Namba Saba

Sehemu ya Sita

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelifungia sabuni kabla hajanisoma, nilikuwa nimefika hapa.

Mimi ni karani mpiga chapa katika ofisi ya elimu. Mkuu wa ofisi aliuliza kikaoni nani anajua kompyuta, nami nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimewahi kuiona moja, kupitia dirishani, nayo imefunikwa kitambaa. Nikapelekwa mafunzo ya wiki mbili. Wiki ya kwanza umeme haukuwepo, kwa hiyo mwalimu alituchorea kompyuta ubaoni. Wiki ya pili umeme ulirudi, lakini tulikuwa watu ishirini na sita kwa kompyuta moja, na mimi ni mfupi. Nilirudi na cheti.

Nikafanywa mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Kitengo chenyewe ni mimi. Ofisi nzima ikaanza kuniita Mama Kompyuta, na jina likaninata.

Niliwaeleza pia nilivyoandika majina mia sita ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho, na nilivyotaka kuifunga kompyuta ile jioni, ikaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nilidhani inaniuliza kama nahitaji kingine. Nikabonyeza hapana, kwa heshima zote. Kesho yake majina mia sita hayakuwepo.

Na printa haikuwahi kutoa karatasi hata moja tangu itoke kwenye boksi.

Basi tuendelee.

Mkuu alitaka orodha ya watahiniwa, na alitaka orodha ya kompyuta. Nilifikiri siku mbili. Siku ya tatu nilifika kazini kabla ya wenzangu, nikaibeba taipureta yangu, namba saba, nikaiingiza katika chumba cha kompyuta na kuificha chini ya meza.

Chumba kile kilikuwa na masharti yake. Hakuna kuingia na viatu. Hakuna kuingia bila ruhusa ya mkuu wa kitengo. Masharti niliyaweka mimi.

Nikawa najifungia na kupiga chapa. Chini ya kila ukurasa naandika kwa herufi ndogo: Imechapishwa kwa kompyuta.

Mkuu alipita siku moja akasimama nje ya mlango.

"Mama Kompyuta, hicho kitu mbona kina kelele hivyo?"

"Ni printa, Mkuu."

"Inakwenda kasi sana."

"Ahsante, Mkuu."

Wiki ile ile umeme ukakatika saa nne asubuhi. Ofisi nzima ikanyamaza, watu wakatoka nje kupunga upepo. Mimi nilikuwa nimezama kwenye kazi, nikasahau kuacha kupiga.

"Mama Kompyuta!" Ni yeye tena, mlangoni. "Inafanya kazi bila umeme?"

Nilitazama ukuta.

"Ina akiba, Mkuu."

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwake, akaandika barua ya kuwasifu makao makuu kwa kutuletea chombo cha namba moja. Barua hiyo niliipiga mimi.

Makao makuu walifurahi kusifiwa. Baada ya majuma matatu wakajibu kwa fomu. Fomu ilikuwa na swali moja: kwa kuwa kompyuta yenu inafanya kazi vizuri kiasi hiki, je, ofisi bado inahitaji taipureta? Toeni maoni ya kitaalamu.

Mkuu alinisukumia ile fomu mezani.

"Mtaalamu ni wewe."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nimelizunguka tangu sehemu ya kwanza. Mume wangu ni fundi wa taipureta. Mji mzima humwita Fundi tu, kama vile hakuna fundi mwingine. Ndiye mwenye mkataba wa kuzitengeneza mashine za ofisi yetu, mwaka wa kumi na moja sasa. Tulijuana kwa sababu namba saba ilikwama, akaja kuikwamua, akarudi kesho yake kuangalia kama haijakwama tena, na keshokutwa, mpaka watu wa ofisini wakaanza kuniuliza nina mashine ya aina gani.

Kwa hiyo nilijua fomu ile inaniuliza nini.

"Mkuu," nikasema, "tungebaki nazo chache."

"Za nini?"

"Za dharura."

"Dharura gani?"

"Labda umeme ukikatika."

Mkuu alivua miwani akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ulisema ina akiba?"

Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeumeza.

Nikarudi chumbani kwangu, nikavua viatu, nikakaa. Niliandika: Taipureta thelathini na moja za ofisi hii hazihitajiki tena na zinaweza kuondolewa. Nikaongeza chini, kwa mazoea, Imechapishwa kwa kompyuta. Niliyaandika hayo yote kwa namba saba, ambayo ilikuwa mojawapo ya hizo thelathini na moja.

Mkuu akasaini yeye, kwa sababu sifa za ofisi hukaa juu kwa mkuu. Jina langu halikuwemo popote. Nililala usingizi mzuri kwa siku nane.

Siku ya tisa nilirudi nyumbani nikamkuta Fundi amekaa mezani pake pa kazi, mikono haifanyi kitu. Sijawahi kumwona hivyo. Hata anapozungumza na wageni huwa ana bisibisi mkononi.

"Mkataba wangu umekwisha," akasema.

"Umekwisha vipi?"

"Mashine zinaondolewa. Nizikabidhi zote Alhamisi, zikiwa kamili."

Akanisogezea barua ya makao makuu. Nyuma yake walikuwa wamebana nakala ya taarifa ya ofisi yetu, yale maoni yangu ya kitaalamu. Nikaisoma kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza. Nilifika mpaka mwisho, nikatikisa kichwa.

"Pole, baba."

"Iweke kwenye mwanga."

"Nini?"

"Hiyo taarifa. Iinue dirishani."

Nikaiinua. Akaja akasimama nyuma yangu, akanyoosha kidole chenye mafuta ya mashine bila kuigusa karatasi.

"Itazame herufi *m*. Mguu wake wa tatu haufiki kwenye mstari. Hapa. Na hapa. Na hapa. Niliunyoosha mara tatu, nikauacha. Hii ni namba saba."

Mikono yangu ilikuwa juu, na ikabaki juu.

"Halafu mtu mwenyewe anaandika imechapishwa kwa kompyuta," akaendelea, kwa sauti ile ile. "Ni mwongo mpaka kwenye herufi ndogo." Akarudi kukaa. "Wewe uko kwenye kompyuta siku hizi, huna haja nayo. Namba saba nani anaipiga?"

Wasomaji wangu, alikuwa amenivua hatia mwenyewe. Alikuwa amenifungulia mlango akanishikia na kitasa. Kilichobaki kwangu kilikuwa kunyamaza, au kusema sijui. Maneno hayo mawili yangetosha.

"Dada Mkubwa," nikasema.

Dada Mkubwa ndiye mkuu wa wapiga chapa. Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa kunifunika mikono na kitambaa ili nisitazame herufi. Anastaafu mwakani. Sijui kwa nini nilimtaja. Nilimtaja kwa sababu jina lake lilikuwa karibu.

Fundi akaichukua ile taarifa mikononi mwangu.

"Utamfanya nini?" nikauliza.

"Nimfanye nini, mtu mzima yule? Nitamwuliza tu."

"Utamwuliza nini?"

"Kazi yangu aliiona na kasoro gani."

Nikapakua chakula. Nilisahau kumpa kijiko, naye hakuomba.

Asubuhi nilipanga kumwahi Dada Mkubwa nimweleze. Niliamka, nikakuta upande wa Fundi kitanda ni baridi. Nilikwenda ofisini karibu mbio. Nilipofika mlango wa chumba cha wapiga chapa, yeye alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya Dada Mkubwa, kofia mkononi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, shemeji. Kaa."

"Sikai, Dada. Nina swali moja tu." Akaiweka taarifa mezani, taratibu. "Hii imepigwa kwa namba saba. Nimeambiwa namba saba unaipiga wewe. Nilitaka kujua ni wapi nilipokosea kwenye kazi yangu, hata ukaona niondoke."

Dada Mkubwa alivaa miwani. Aliisoma taarifa yote, hakuruka kitu, mpaka ule mstari mdogo wa chini. Kisha aliinua macho yakapita begani mwa mume wangu, yakanikuta mlangoni.

Alinitazama kwa muda. Mimi nilitazama kalenda.

"Nimeipiga mimi," akasema.

"Wewe, Dada?"

"Mimi. Mkuu alisema, nikapiga. Kazi ya mpiga chapa ni kupiga."

"Na uliyaamini haya?"

"Shemeji, ningekuwa napiga ninayoyaamini tu, kwa miaka thelathini ningekuwa na kurasa mbili."

Fundi aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne.

"Nisamehe kwa kukusimamia asubuhi yote hii, Dada. Nilikuwa na uchungu."

"Huna kosa, shemeji."

Alipita karibu yangu akitoka. Alinigusa bega kidogo, kama kusema yamekwisha. Bora angenipiga teke.

"Funga mlango," akasema Dada Mkubwa.

Nikaufunga.

"Dada, sijui nikushukuru..."

"Usinishukuru. Sikukuokoa wewe, nimeiokoa ndoa. Sasa niambie. Hiyo kompyuta unaijua au huijui?"

"Naijua kidogo."

"Nieleze hicho kidogo."

Nikamweleza yote ninayoyajua kuhusu kompyuta. Ilichukua dakika nne, na mojawapo nilikuwa nakohoa.

Dada Mkubwa alivua miwani yake akaipangusa, akaivaa tena.

"Mwambie Mkuu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Alhamisi ikipita."

"Kwa nini mpaka ipite?"

Nilidhani mambo ya Alhamisi ni kuhesabu mashine tu, na hakuna atakayegundua kwamba moja imepungua.

Alhamisi mashine zilipangwa ukumbini, mstari mmoja, kuanzia mlango wa Mkuu mpaka maliwatoni. Fundi alikuja na shati la pasi na sanduku lake la vifaa. Hakuna aliyemwomba, lakini alianza mwanzo wa mstari, akawa anazipangusa moja moja, anazitia tone la mafuta, anabonyeza herufi mbili tatu kuzisikiliza, kisha anasogea. Mashine zilikuwa zinakwenda kuuzwa kwa kilo. Alizipaka mafuta zote.

Wapiga chapa walitoka kutazama. Dada Mkubwa hakutoka. Alisema ana kazi.

Mtunza stoo alikuja na daftari lake. Huyu ni mtu ambaye hata akikusalimia anataka usaini.

"Moja."

"Ipo," akasema Fundi.

"Mbili."

"Ipo."

Wakaenda hivyo.

"Sita."

"Ipo."

"Saba."

Fundi alitazama mashine iliyofuata. Akasogea, akatazama ya baada yake. Akatembea mpaka maliwatoni na kurudi.

"Saba," mtunza stoo akarudia, kama vile mashine itaitika ikisikia vizuri.

"Haipo hapa," akasema Fundi.

Mtunza stoo alirudi nyuma kurasa nyingi. Kidole chake kikasimama.

"Namba saba. Imechukuliwa na Fundi kwa matengenezo. Sahihi ya Fundi hii hapa. Sahihi ya kurudisha..." Akaligeuza daftari ili Mkuu aone. "Hakuna."

Pale palikuwa peupe. Mahali peupe pale ni pangu. Siku ile Fundi alirudisha namba saba, akaniwekea mezani, akanipa daftari nisaini kupokea. Nilikuwa naliwahi gari la kwenda mafunzo ya kompyuta. Nikamwambia acha hapo, nitasaini nikirudi.

"Niliirudisha, Mkuu," akasema Fundi.

"Ulimkabidhi nani?"

Aligeuka akanitafuta kwa macho. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa kama mtu anayetafuta mwavuli ambao anajua aliuweka wapi.

"Mke wangu."

Watu wote wakanigeukia. Mkuu pia.

"Mama Kompyuta, uliipokea?"

Jamani, nimeandika sehemu tano kufika hapa. Nimewachekesha na ubao na printa na umeme ili mnizoee kidogo kabla hamjanisikia nikijibu swali hili.

Nikisema ndiyo, nitaulizwa iko wapi. Iko chini ya meza yangu. Inafanya nini chini ya meza yako? Inachapa orodha za kompyuta.

"Sikumbuki, Mkuu," nikasema.

Fundi alinitazama mara moja tu, kisha akainama, akaanza kurudisha vifaa vyake sandukuni, kila kimoja mahali pake.

"Fundi," Mkuu akasema, na alikuwa anaona haya kidogo, "mgeni wa makao makuu anafika saa tisa kuzipokea. Mimi nimeandika thelathini na moja. Sijaandika thelathini. Saa tisa ikifika haipo, itabidi tuje kutazama nyumbani kwako. Na askari awepo, ni utaratibu."

"Karibuni," akasema Fundi.

Akabeba sanduku lake akaondoka. Sanduku lile lina mpini mmoja mbovu, huwa namshikia upande wa pili tukitoka pamoja.

Nilisubiri watu watawanyike. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitaitoa namba saba chini ya meza, niiweke nyuma ya kabati la ukumbini, kisha niikute. Nitapiga kelele za furaha. Mkuu atatuma mtu amwite mume wangu, na tutacheka.

Nikafungua chumba cha kompyuta. Nikavua viatu. Nikapiga magoti.

Chini ya meza hapakuwa na kitu.

Nilitazama nyuma ya mlango. Nilitazama ndani ya boksi la printa. Nikatazama tena chini ya meza, kwa sababu mtu akichanganyikiwa hutazama palepale. Kompyuta yenyewe ilikuwa uchi, kitambaa chake hakipo.

Ufunguo wa pili wa kila chumba hukaa kwa mkuu wa wapiga chapa.

Nilimkuta Dada Mkubwa anakunywa chai.

"Dada. Namba saba."

"Nimeiondoa," akasema. "Mlio wake nilikuwa nausikia mlangoni kwako siku zote. Nilisikia mgeni wa makao makuu anakuja, na kitu cha kwanza anachotaka kuona ni chumba cha kompyuta. Angeikuta hapo, ungekuwa umekwisha. Wenzako walipotoka kutazama makabidhiano nikapata nafasi. Nimeifunga kwenye kile kitambaa cha kompyuta, nikaibeba kichwani. Watu wananisalimia tu njiani."

"Umeipeleka wapi, Dada?"

Alikunywa funda moja, ameridhika na nafsi yake.

"Nikajiuliza, ni wapi katika mji huu ambapo hakuna atakayeshangaa kuona taipureta?"

"Wapi?"

"Si kwa fundi? Ufunguo mnauweka juu ya mlango, mji mzima unajua. Nimeiweka mezani pake pa kazi."

Nikamweleza yaliyotokea ukumbini. Nilipofika kwenye neno askari, kikombe chake kilirudi kwenye kisahani.

"Na aliposema alikukabidhi wewe, ulijibuje?"

Nikamwambia nilivyojibu.

Dada Mkubwa, ambaye amenijua tangu sijui kuweka karatasi kwenye mashine, aliniangalia kama mtu aliyeingia kuuliza njia.

"Toka," akasema. "Nenda kwako. Ondoka hapa upesi."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tisa kasoro dakika ishirini. Kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo changarawe iliponikumbusha kwamba viatu vyangu viko mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Sikurudi.

Nilisikia mlio nikiwa bado nje. Mpiga chapa hahitaji kuiona mashine yake. Ilikuwa namba saba, na aliyekuwa anaipiga alikuwa anatumia vidole viwili.

Nikasukuma mlango.

Fundi alikuwa mezani pake pa kazi, mgongo umenyooka. Kitambaa cha kompyuta kilikuwa kimekunjwa vizuri kando. Na juu ya kitambaa kulikuwa na karatasi ambayo niliijua kabla sijaisogelea. Ni ukurasa niliouacha ndani ya rola jana yake, haujatolewa. Watahiniwa kuanzia mia mbili na kumi na nne mpaka mia mbili na thelathini na tisa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kilikuwepo kile nilichokuwa nakiandika kila siku.

"Kaa, mama," akasema.

Nikakaa.

"Kazi safi," akasema, akiutazama ule ukurasa. "Hakuna kosa hata moja."

Akaugeuza ukurasa kifudifudi.

"Dada Mkubwa hakuipiga ile taarifa."

"Hakuipiga."

"Nilikwenda kumsimamia mtu mzima mbele ya meza yake. Wewe ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwepo."

"Na leo hukumbuki kuipokea mashine."

"Nakumbuka," nikasema. "Uliniwekea mezani. Ulikuwa umenibadilishia na utepe wa wino."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayehakikisha hesabu imekaa sawa.

"Kompyuta ni mbovu?"

"Si mbovu. Inafanya kazi. Mimi ndiye sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti tangu niliponyoosha mkono kikaoni. Nilifikiri dari itaanguka. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Mkataba si kitu," akasema Fundi. "Kompyuta zingekuja tu, ungeandika, usingeandika. Nimekuwa naliona hilo huu mwaka wa pili. Nilikuwa nasubiri utulie na kazi mpya, halafu nikuombe unifundishe."

Aliyasema hayo akiwa anapangusa kidole kimoja kwa kitambaa, kidole kilichokuwa safi tayari. Mimi nililia. Sikulia kwa sauti. Alisubiri nimalize, alivyo mtu wa subira na vitu vilivyokwama.

Kisha alichukua karatasi iliyokuwa mkono wake wa kulia.

"Hii nimeimaliza. Inasema niliichukua namba saba kuitengeneza, nikaisahau nyumbani, na leo nimeirudisha. Inahitaji sahihi yangu tu."

"Hapana."

"Watanisumbua kidogo, kisha wataniacha. Au hawataniacha. Na hii..."

Akaweka karatasi nyingine kwenye mashine, akaizungusha mpaka ikakaa sawa, akabonyeza herufi moja kuijaribu, halafu akaigeuza namba saba yote inielekee mimi. Juu alikuwa ameandika anwani ya Mkuu na tarehe ya leo. Chini kabisa alikuwa amechora mstari wa sahihi. Katikati pote palikuwa tupu.

"Hii sikuweza kuiendeleza," akasema. "Yaliyomo unayajua wewe."

"Wakiisoma hii nafukuzwa."

"Labda."

"Na Dada Mkubwa je? Ameificha mali ya ofisi. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu."

Hilo hakuwa amelifikiria. Niliona linavyomwingia. Aliiangalia barua yake iliyokwisha, akaiangalia yangu iliyo tupu.

"Basi chagua wewe," akasema. "Mimi nitasaini au sitasaini. Nitafuata utakachosema. Ila safari hii useme unakumbuka."

Nikasikia buti kwenye changarawe. Miguu mingi. Sauti ya mtunza stoo ikiuliza kama nyumba ni hii, na sauti ya Mkuu ikisema ndiyo, kwa unyonge.

"Hodi!" akaita askari.

Na sauti ya nne, nisiyoijua, ya uchangamfu, ya mtu aliyetoka mbali na kupokewa vizuri:

"Ndiyo hapa anapoishi Mama Kompyuta? Vizuri sana! Nilisema lazima nimwone kwa macho yangu kabla sijaondoka. Tunataka akawafundishe wenzake mikoa yote."

Fundi alisimama. Barua yake ilikuwa mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, kifuniko amekwisha kukitoa. Alinitazama akingoja.

Nikaweka vidole kwenye herufi, kumi vyote.

"Hodi hapa!"

Kutoka mezani mpaka mlangoni ni hatua saba. Fundi alikuwa ameshapiga hatua ya nne, na karatasi yangu bado ilikuwa nyeupe.